Njia za Creuse zilivyomfunza mamangu kutembea bila mzigo

"HAWA wanakwenda wapi?"

Mamangu aliniuliza hivyo asubuhi ya kwanza, tukiwa tumesimama kando ya njia ya udongo katika mkoa wa Creuse, katikati mwa Ufaransa. Mbele yetu walipita wazee wanne, wanaume wawili na wake zao, kila mmoja ameshika fimbo na kubeba mkoba mdogo mgongoni. Walitusalimu kwa uchangamfu, wakapinda kona na kutokomea kwenye miti.

"Hawaendi popote, mama," dadangu akamjibu. "Wanazunguka msitu, kisha wanarudi pale walipoacha gari."

"Na hiyo mikoba?"

"Maji na mkate."

Mama alicheka mpaka akatafuta jiwe akakaa. Mwanamke aliyezaliwa katika milima ya Taita, aliyepanda na kushuka miteremko ya Wundanyi tangu utotoni akiwa na kuni mgongoni na kamba utosini, hakuwa amepata kusikia kichekesho kama hicho. Mtu mzima aondoke kwake asubuhi, atembee saa mbili, kisha arudi mikono mitupu! "Kwetu," alisema akijifuta machozi, "mtu kama huyo tungemuuliza kama kuna amani nyumbani kwake."

Nilicheka naye, lakini moyoni sikuwa na raha. Kicheko hicho hicho ndicho kilichokuwa kimenikosesha usingizi mwaka mzima.

Agizo la daktari

Mama ana umri wa miaka 66. Baba alipofariki nilimtoa kijijini nikamleta kwangu Nairobi, nikidhani ninamtendea wema. Alikuwa amelima na kuchota maji maisha yake yote, nikasema sasa apumzike. Kupumzika kwenyewe kukawa ni kukaa kwenye kochi mbele ya runinga tangu asubuhi hadi usiku. Mtaani kwetu hakuna pa kutembea. Barabara ni ya matatu na bodaboda, kando yake ni mitaro, na giza likiingia kila mtu hukimbilia mlango wake. Mwaka wa pili mama akapatikana na ugonjwa wa kisukari. Mwaka wa tatu akapata kidonda kwenye kidole cha mguu wa kushoto, kikachukua miezi minne kupona.

Daktari hakuficha neno. Alinieleza kwamba kisukari huweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu hata mgonjwa asihisi anapojikata, na kwamba hupunguza damu inayofika huko. Ndiyo maana kidonda kidogo kinaweza kumpotezea mtu mguu mzima. Akamwagiza mama anywe dawa, apunguze wanga na sukari, na atembee angalau nusu saa kila siku.

Dawa alikubali. Chakula alinung'unika, akakubali. Kutembea alikataa katakata. "Nimetembea miaka sitini," alisema. "Kama kutembea ni dawa, ningepona kabla ya kuugua." Kila nilipomhimiza atoke, aliniuliza, "Niende wapi? Nikalete nini?" Nami sikuwa na jibu.

Kwa hivyo dadangu alipotualika tumtembelee mwezi wa Juni, nilikubali haraka. Yeye ameolewa huko miaka 12 sasa, na kazi yake ni kuwahudumia wakongwe katika makao ya wazee. Alitutumia barua ya mwaliko yenye muhuri wa ofisi ya meya, tukaomba viza, tukalipia bima ya matibabu, tukaondoka.

Ndani ya ndege mama aliniambia sababu yake ya kusafiri, na haikuhusu miguu. Marehemu baba alimwachia dada kipande cha shamba. Kwa miaka 12, dada alikuwa amekuja nyumbani mara moja tu, na hata kwenye mazishi ya baba hakufika. "Nataka aniambie kwa kinywa chake," mama alisema. "Atarudi au harudi? Kama harudi, nimpe mwingine shamba." Nikatazama nje dirishani. Nilijua kwamba maneno hayo yakitamkwa siku mbaya, yangetugawa milele.

Alama za manjano

Kutoka Paris, katika stesheni ya Austerlitz, tulipanda gari-moshi la kuelekea Limoges na kuteremka La Souterraine baada ya karibu saa tatu. Msomaji, usitarajie mnara wala maduka ya marashi. Creuse ina watu karibu 115,000 tu na ni miongoni mwa sehemu zenye wakazi wachache zaidi katika Ufaransa nzima. Utakachoona ni vilima vya chini, nyumba za mawe ya matale, miti ya mialoni, kangaga kando ya njia, na ng'ombe wekundu wa aina ya Limousin wakicheua taratibu. Mama alipoona madirisha yaliyofungwa nyumba baada ya nyumba aliuliza, "Watu wako wapi?" Hakuna aliyemjibu siku hiyo.

Kinachowavuta wageni huku ni njia za miguu. Shemeji yangu, aliyekulia hapa, alitufundisha kuzisoma. Mstari wa manjano uliopakwa kwenye mti, jiwe au nguzo ni alama ya matembezi mafupi, yale ambayo mtu huyamaliza kwa siku moja au chini ya hapo, na mengi huzunguka na kukurudisha ulikoanzia. Mistari miwili, mweupe na mwekundu, ni ya njia ndefu zinazovuka nchi kwa siku nyingi. Ukiona mistari imekatana kama herufi X, umepotea, rudi nyuma. Mstari ukipindwa, nawe pinda. Kazi hii ya kupaka alama hufanywa zaidi na watu wa kujitolea walio chini ya shirikisho la watembeaji la Ufaransa, lililoanzishwa mwaka 1947.

Siku ya kwanza mama alitembea dakika ishirini tu. Shemeji alikuwa hatua mia moja mbele yetu. Si kwamba alikuwa na haraka. Dada alikuwa amemweleza kwamba kwetu mkwe na mama mkwe wake hupeana nafasi, na yeye akalishika jambo hilo kuliko sisi wenyewe. Kila penye njia panda alisimama, akanyosha mkono upande unaofaa, kisha akaendelea.

Siku ya pili tulitembea dakika arobaini. Nilipogeuka kumtazama mama, nilimkuta ameinama anaokota kuni! Alikuwa na mafungu mawili na anatafuta kitu cha kuyafungia. Dada akamwambia kwamba msitu una mwenyewe na kuni si za kuokotwa ovyo. Mama akaziweka chini mojamoja, kwa huzuni, kama mtu anayemwaga maziwa. Njia nzima ya kurudi hakujua mikono aiweke wapi. Mara aishike nyuma, mara aifumbate kifuani. Ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa mvivu wala mkaidi. Maisha yake yote hakuwa amepata kutembea bila mzigo, na hakujua inavyofanywa.

Shemeji alimchongea fimbo ya mti. Ikawa ndiyo mzigo wake.

Jambo moja lilimpendeza tangu mwanzo, nalo ni salamu. Alikuwa ameambiwa kwamba Wazungu hawasalimiani. Huenda ni kweli mjini, lakini katika njia za Creuse kila unayekutana naye hukuamkia. Kufikia siku ya nne mama alikuwa na "Bonjour" yake safi, na hakumwacha mtu apite bila kuipata, hata mwendesha trekta.

Waliotembea ili wale

Siku ya sita shemeji alitupeleka Soubrebost, kijiji kidogo chenye njia zilizozama kati ya kuta za mawe, pana kiasi cha mkokoteni mmoja. Njia hizi ni rahisi. Hazina majabali ya kukwea, na miti imefanya kivuli juu yake kama paa. Huko, katika kitongoji cha La Martinèche, alizaliwa Martin Nadaud mwaka 1815.

Shemeji alisimama akamngoja mama, akaanza kusimulia huku dada akifasiri. Zamani ardhi ya Creuse haikuwashibisha watu wake. Kwa hiyo kila mwaka baridi ilipoisha, wanaume walifunga vifurushi vyao na kuelekea Paris na miji mingine kufanya kazi ya uashi. Walikwenda kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, wakilala kwenye vibanda vya njiani. Nadaud aliondoka na babake mwaka 1830 akiwa na umri wa miaka 14. Baadaye alichaguliwa kuwa mbunge, akafukuzwa nchini na kuishi Uingereza kwa miaka mingi, akarudi, na mwishowe akafia papa hapa alipozaliwa mwaka 1898. Wakati wote huo wanawake ndio waliobaki wakilima, wakichunga na kulea, wakingoja waume warudi majira ya baridi.

Mama alikuwa amesimama wima, mikono juu ya fimbo. Hadithi hiyo hakuhitaji kufasiriwa. Babangu alifanya kazi bandarini Mombasa miaka 27. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi mfuko ukiruhusu, na Krismasi bila kukosa. Shamba lote la Wundanyi lililimwa na mikono hiyo iliyokuwa juu ya fimbo.

"Muulize," mama alimwambia dada, "walirudi?"

Shemeji alifikiri kidogo. Mwanzoni walirudi kila mwaka, alisema. Kisha reli ikaja, safari ikawa nyepesi, na wengi wakawachukua wake zao wakahamia huko moja kwa moja. Mwaka 1851 mkoa huu ulikuwa na watu zaidi ya 280,000. Leo hawafiki hata nusu ya hao. "Yale madirisha uliyoyauliza siku ya kwanza," akamalizia, "ni ya hao."

Dada alifasiri mpaka hapo, sauti ikamkauka. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Niliogopa kwamba neno la shamba lingetoka sasa. Lakini mama aligeuka tu, akauliza njia inaelekea wapi, akatangulia yeye. Siku hiyo tulitembea saa moja na nusu na hakuna aliyemhimiza.

Mito, ziwa na daraja

Siku zilizofuata tulikwenda sehemu nyingine ambazo ningependa wewe, ukijaliwa, usizikose.

Fresselines ndipo mito miwili inayoitwa Creuse, mkubwa na mdogo, inapokutana. Njia huteremka kutoka kijijini hadi kwenye maji. Mchoraji Claude Monet alikuja huku mwaka 1889 akachora bonde hilo mara nyingi, saa tofauti za siku. Inasimuliwa kwamba alianza kuchora mwaloni mmoja ukiwa mkavu, mvua ikamchelewesha, mti ukachipua. Basi akalipa watu wayaondoe majani yote ili mti ufanane na picha! Mama aliposikia hivyo alisema kumbe wenye vituko hawakuanza na wale wa mikoba.

Vassivière ni ziwa la kutengenezwa na binadamu, lenye ukubwa wa karibu hekta 1,000, lililojazwa karibu mwaka 1950 ili kuzalisha umeme. Njia ya kulizunguka ni kama kilomita 30, lakini hakuna anayekulazimisha kuimaliza. Sisi tulichagua kisiwa, kinachofikiwa kwa daraja, chenye sanamu za kisasa msituni na njia zisizo na mwinuko wa kutisha. Kwa mgonjwa wa miguu, hapa ndipo pa kuanzia.

Gentioux si pa mandhari, ni pa kusimama kimya. Kuna mnara wa kumbukumbu ya waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, uliojengwa mwaka 1922. Mbele yake amesimama mtoto yatima wa shaba aliyevaa viatu vya mbao, kofia mkononi, ngumi ameielekeza kwenye maandishi yaliyo chini ya majina ya wafu. Ni maneno machache ya Kifaransa yenye maana kwamba vita na vilaaniwe. Mama hajui kusoma Kifaransa, lakini aliitazama ngumi ile akasema, "Huyu babake hakurudi."

Si mbali na hapo kuna daraja dogo la kale la Senoueix, tao moja la mawe ya matale juu ya mto Taurion, uwandani kwenye nyasi. Tulikaa ukingoni tukala mkate. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya kuondoka. Mama alivua viatu ili dada amkague miguu, kama tulivyofanya kila siku. Dada alipiga magoti kwenye nyasi, akaupangusa ule mguu wa kushoto kidole baada ya kidole, kwa upole wa mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake.

"Ndivyo unavyowafanyia wale wazee?" mama aliuliza.

"Ndivyo, mama."

"Na wana wao wako wapi?"

"Paris. Wengine mbali zaidi."

Mama alinyamaza, maji yakapita chini ya tao. Kisha akasema, "Shamba lako lipo. Nilikuja kukuuliza utalifanyia nini, lakini sasa sikuulizi. Nitapanda miti. Mti haumhitaji mwenyewe kila siku."

Dada hakuinua uso. Aliendelea kuushika mguu ule ingawa alikuwa amekwisha kuupangusa. Hakusema atarudi, wala hakusema harudi. Mimi niliyekuwa nimeogopa vita nilibaki nikikusanya makombo ya mkate ambayo hayakuwepo.

Ukitaka kwenda

Kwa msomaji anayepanga safari, haya machache yatamfaa. Miezi ya Mei, Juni na Septemba ni mizuri. Mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo hakuna haraka. Chukua koti la mvua hata asubuhi ikiwa nyeupe. Ofisi za utalii za miji midogo zina ramani za njia fupi, zikionyesha urefu, muda na ugumu. Chagua zilizoandikwa kuwa rahisi. Mabasi ni machache mno, heri gari au mwenyeji. Maduka ya vijijini mengi hufungwa adhuhuri, na Jumapili mchana usitegemee kupata hata soda. Ukifungua lango la malisho, lifunge nyuma yako. Usinywe maji ya kijito. Ukirudi, jikague kupe. Na majira ya uwindaji, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari, uliza kwanza kabla ya kuingia msituni.

Mwenye kisukari na azungumze na daktari wake kabla ya safari. Avae viatu vilivyokwisha kumzoea na soksi zisizobana, abebe kitu kitamu mfukoni sukari isije ikashuka, wala asitembee peku hata nyumbani. Miguu ikaguliwe kila jioni, na asiyeona vizuri akaguliwe na mwingine.

Tuliporudi Nairobi mama alikaa wiki mbili, akaniomba nauli ya kwenda nyumbani. Safari hii sikubishana. Niligundua kwamba nilimtoa mahali penye njia nikamweka mahali penye kochi, kisha nikamlaumu kwa kukaa. Sasa yuko Wundanyi na binamu yangu, na kliniki iko karibu. Kisukari hakijaondoka, wala hatudanganyani kwamba kitaondoka. Lakini vipimo vimeshuka na kidonda hakijarudi.

Kila asubuhi kabla ya jua kupanda hutoka na ile fimbo, hufuata njia ya mtoni, huzunguka kanisani, hupitia shamba la dada kuitazama miche yake, kisha hurudi. Akinipigia simu huniambia kwamba majirani hawaishi kumuuliza, "Mama, waenda wapi mapema hivi bila hata kikapu?"

"Nao huwajibu nini?" nilimuuliza.

"Huwaambia siendi popote," akasema, akaanza kucheka kicheko kile kile cha siku ya kwanza. "Wakae wakifikiri mimi ndiye niliyepotewa na akili. Mwenda pole hajikwai, mwanangu. Na asiye na mzigo ndiye aendaye pole."